Jino Moja Mbele au Matatu Nyuma: Hesabu ya Sproketi kwa Pikipiki ya Mlimani

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto ina kilomita kama 33, na sehemu kubwa ni ya kupanda. Pikipiki iliyobeba abiria na mfuko wa saruji hushinda kwenye gia ya pili, mara hurudishwa ya kwanza, injini ikilalamika na klachi ikinuka. Dereva akifika kijiweni na malalamiko hayo, mmoja atamshauri abadilishe sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni, moja mbele kwenye injini na jingine nyuma kwenye gurudumu. Mwingine atamkataza asiguse kitu, kwa sababu kiwanda kilikuwa na maana yake. Wote wawili wana hoja. Tatizo ni kwamba ubishi wao hukomea kwenye meno, na cheni haitajwi mpaka ianze kuruka.

Tuchukue pikipiki yenye meno 14 mbele na 42 nyuma. Sproketi ya mbele huzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Ukifunga ya nyuma yenye meno 45, inakuwa mara 3.21, yaani ongezeko la asilimia 7. Ukiacha 42 nyuma na kufunga 13 mbele, inakuwa 3.23, karibu asilimia 8. Ndiyo maana mafundi husema jino moja la mbele ni sawa na matatu ya nyuma. Kwa nguvu inayofika barabarani, wako sahihi.

Faida yake dereva wa milimani huiona siku hiyohiyo. Pikipiki inaondoka kwenye mwinuko bila kusugua klachi kwa muda mrefu, na gia ya tatu inashika pale ilipokuwa ikizimia. Iko faida nyingine ambayo haitajwi sana, nami naiona kubwa kuliko hizo: wakati wa kushuka na kabichi au viazi, injini inaizuia pikipiki zaidi ukiwa kwenye gia ileile. Breki za ngoma zikipata moto hupoteza nguvu, kwa hiyo kila kinachozipunguzia kazi kwenye mteremko mrefu kinalinda maisha ya watu.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Asilimia 7 si gia mpya. Kwenye gia za pikipiki hizi ndogo, kutoka ya kwanza kwenda ya pili pengo ni zaidi ya asilimia 50, kwa hiyo mlima uliokuwa unakudai gia ya kwanza kwa nguvu zote utaendelea kuidai. Halafu kuna tambarare. Dereva huyohuyo akishuka Mombo na kuelekea Korogwe kwa barabara kuu, injini iliyokuwa ikizunguka mara 6,000 kwa dakika itazunguka karibu mara 6,430 kwa mwendo uleule. Mafuta yataliwa zaidi, oili itachoka mapema, na kelele atazisikia mwenyewe. Anayepanda mlima mara moja kwa wiki na siku nyingine zote yuko tambarare hana sababu ya kubadilisha chochote.

Wako pia wanaotaka kinyume chake, meno 15 mbele ili pikipiki ikimbie. Kwa pikipiki ya abiria sioni faida. Injini ya cc 125 au 150 yenye watu wawili mgongoni mara nyingi haina nguvu ya kuivuta gia ya tano ndefu zaidi, hasa upepo ukiwa wa mbele. Dereva huishia kukimbia kwa gia ya nne, na wakati wa kuondoka anaisugua klachi kuliko zamani.

Sasa turudi kwenye ule usemi wa jino moja kwa matatu. Wengi hupunguza mbele kwa sababu spea yake ni ya bei ndogo, inafungwa haraka, na cheni ya zamani inaendelea kutumika. Lakini cheni haioni usawa huo. Kwa msukumo uleule wa injini, sproketi ya meno 13 huivuta cheni kwa karibu asilimia 8 zaidi kuliko ya meno 14, kwa kuwa kipenyo chake ni kidogo. Kila pingili, yaani kila kiungo cha cheni, nayo hukunjwa zaidi inapopita pale mbele, na cheni hushuka karibu na swingamu, ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, hadi kuanza kuusugua. Ukiongeza meno nyuma, mvuto kwenye cheni unabaki ulivyokuwa, na gurudumu ndilo linalozungushwa kwa nguvu zaidi. Kwa hiyo kwa anayefanya kazi ya mlima kila siku, nashauri ongezeko la meno mawili au matatu nyuma. Kupunguza mbele nakuona ni kujaribia tu: ukae nako siku chache ujue kama uwiano huo unakufaa, kisha ununue sproketi ya nyuma.

Ukiamua hivyo, urefu wa cheni ndio unaoamua kama kazi itadumu. Pikipiki nyingi za abiria kwetu hutumia cheni ya 428, ambayo kutoka pini hadi pini ina milimita 12.7. Ile yenye herufi H ina mabati manene zaidi, nayo ndiyo ya kununua kwa kazi ya mizigo. Cheni ya 420 ina nafasi hiyohiyo kati ya pini ila ni nyembamba zaidi, hivyo haikai kwenye sproketi ya 428. Kila jino unaloongeza huhitaji nusu pingili ya ziada, na zaidi kidogo. Tuseme pikipiki yetu ya 14 na 42 ilikuwa na cheni ya pingili 116. Ukifunga 45 na kuiacha cheni hiyo, ekseli ya nyuma italazimika kusogea mbele kama milimita 10. Ukifunga cheni ya pingili 118, ekseli itarudi nyuma milimita mbili na nusu tu, karibu pale ilipokuwa. Pingili huongezwa mbilimbili, kwa sababu ya ndani na ya nje zinapokezana. Kile kipande cha pingili moja kinachouzwa kurekebishia ni dhaifu, na mahali pa mizigo kisifungwe.

Milimita 10 zinaonekana ndogo, lakini athari yake ni ya kweli. Tairi linaweza kugusa madigadi au swingamu. Fimbo ya breki ya nyuma nayo hulegea, kwa sababu gurudumu limeisogelea pedali, hivyo dereva anakanyaga na breki inachelewa kushika. Fundi anayefunga sproketi kubwa na kumrudishia mtu pikipiki bila kukaza fimbo hiyo amemweka hatarini.

Kuna mtego mwingine ambao kwa mtu mwenye haraka unafanana na akili. Cheni imerefuka, ekseli imefika mwisho wa mwanya wake kwenye swingamu, na fundi anasema: weka sproketi kubwa nyuma, cheni itakaza na utaendelea nayo. Au anakata pingili mbili. Vyote viwili huondoa ulegevu wa cheni na kuuacha ubovu wake. Cheni haivutiki kama mpira. Inarefuka kwa sababu kila pini na bushi yake, kile kibomba kinachoizunguka, vimeliwa, kwa hiyo nafasi kati ya pini na pini imeongezeka, na nafasi hiyo hairudi kwa kukata. Ikifungwa kwenye meno mapya, inayapanda na kuyala hadi yapinde kama ndoana. Kipimo chake ni rahisi: nyoosha cheni, pima kutoka pini ya 1 hadi ya 21. Ikiwa mpya hutoa milimita 254. Ikifika 259 imerefuka asilimia 2, na hapo haina la kufanya ila kutupwa, pamoja na sproketi zake zote mbili.

Kwa hiyo unapochagua urefu wa cheni mpya, acha ekseli ikae upande wa mbele wa mwanya, isiguse mwisho. Cheni ya pingili 116 ikirefuka asilimia 1 tu, ekseli itahitaji kurudi nyuma zaidi ya milimita 7. Asiye na nafasi hiyo ataanza kukata pingili kabla cheni haijafika nusu ya umri wake.

Ulegevu wa cheni ukaguliwe pia mzigo ukiwa juu. Pikipiki tupu kwenye stendi hudanganya, kwa sababu inapobeba, shokapu hubonyea na cheni hukaza. Kitabu cha pikipiki kikisema milimita 20 hadi 30, ni heri kuelekea 30 kwa pikipiki ya mizigo. Cheni iliyokazwa kama waya huua beringi za gurudumu na ile ya shafti inayobeba sproketi ya mbele, na kutengeneza beringi ya shafti ni kazi ya kufungua injini.

Linabaki suala la nani alipe, na hapa ndipo naona hoja za pande zote mbili zinakwama. Pikipiki nyingi si za dereva. Anapeleka hesabu kwa mwenye chombo, na mara nyingi matengenezo madogo ni juu yake. Cheni mpya na sproketi ya nyuma ni gharama, wakati sproketi ya mbele peke yake inanunulika kwa pesa ya siku. Dereva anayechagua njia ya bei ndogo hajakosa elimu. Amepanga bajeti yake inavyomruhusu, na cheni ikiisha mapema kuliko ilivyotarajiwa, hasara inamrudia yeye au mwenye pikipiki. Mwenye chombo anayekipeleka kifanye kazi mlimani angekubaliana na dereva tangu mwanzo kwamba cheni na sproketi zake mbili hununuliwa pamoja, kwa pesa inayotolewa kwenye hesabu ya mwezi huo.