Mzinga wa Kwenye Skrini na Gololi ya Mezani

Mwanafunzi wa kidato cha tano akiulizwa mpira uliorushwa kwa mshazari una mchapuko (yaani kiwango cha kubadilika kwa kasi) kiasi gani ufikapo kileleni, mara nyingi hujibu kuwa ni sifuri. Ameona kuwa hapo mpira haupandi tena wala haujaanza kushuka, akachanganya kasi ya wima, ambayo kweli imeisha, na mchapuko wa mvutano wa dunia, ambao hubaki mita 9.8 kwa sekunde kwa sekunde kuelekea chini tangu mpira utoke mkononi hadi utue.

Kosa hili uigaji wa kompyuta unalitibu vizuri. Katika programu za PhET, mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwanafunzi huelekeza mzinga, huchagua pembe na kasi, kisha hufyatua boga, piano au hata gari. Akiwasha mishale na kupunguza mwendo wa picha, ataona mshale wa kasi ya wima ukifupika, ukitoweka kileleni na kuota upya kuelekea chini, huku ule wa mlalo ukibaki na urefu uleule na ule wa mchapuko usibadilike kabisa. Tena programu hutolewa bure, na ikishapakuliwa haihitaji intaneti.

Watetezi wake wana hoja nyingine nzito. Mwaka 2005 watafiti wa chuo hichohicho walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa wanafunzi waliojifunza saketi za umeme kwa uigaji waliwazidi wenzao waliotumia vifaa halisi, hata walipotakiwa kuunganisha saketi halisi. Matokeo hayo si ya kupuuzwa, ila nasita kuyahamishia moja kwa moja kwenye mada hii ya vitu vinavyorushwa. Elektroni hazionekani ndani ya waya, kwa hiyo programu iliyozionyesha iliongeza kitu ambacho maabara haina. Jiwe likirushwa, kila mtu analiona.

Zaidi ya hapo, programu haiwezi kuwa shahidi wa maumbile. Mwanafunzi akirusha kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde kwa pembe ya nyuzi 30, kisha 60, bila ukinzani wa hewa, atapata masafa yaleyale ya karibu mita 19.9, leo na kesho. Atadhani amegundua sheria, ilhali amesoma tu mlinganyo uliowekwa humo na mtunzi. Galileo, aliyechapisha mwaka 1638 hoja yake kuwa njia ya kitu kirushwacho ni parabola, yaani upinde ambao pande zake mbili hulingana, alikuwa kwanza ameviringisha mipira kwenye mteremko na kupima.

Kipimo cha namna hiyo hakidai maabara ya kifahari. Gololi inayotoka kwenye ukingo wa meza yenye kimo cha sentimita 80 hufika sakafuni baada ya sekunde 0.4 hivi; ikitoka kwa mita 1.5 kwa sekunde, inatarajiwa kutua sentimita 60 hivi mbele ya ukingo. Karatasi nyeupe itandazwe sakafuni, juu yake iwekwe ya kaboni, na gololi iachiwe mara kumi kutoka alama ileile ya mteremko mdogo uliowekwa juu ya meza. Vidoa vyeusi vitatawanyika, na mwanafunzi atalazimika kueleza kwa nini, jambo ambalo mzinga wa skrini haumdai, maana yeye huko hushughulika zaidi na kulenga shabaha. (Darasa la wanafunzi hamsini wenye kompyuta moja, kwa kweli, hutazama tu mwenzao akilenga.)

Kwa hiyo ningeanza na gololi, kisha niwatake wanafunzi waandike utabiri wao kabla ya kugusa programu. Muda mwingi wa programu ningeutumia kwenye ukinzani wa hewa, kwani hapo hesabu za kidato cha tano hukwama, na gololi fupi ya mezani haiuonyeshi kwa kiasi cha kupimika. Hewa ikiwashwa, parabola hupotea, upande wa kushuka huwa mkali kuliko wa kupanda, na pembe inayotoa masafa marefu zaidi kwa kurusha kutoka usawa wa ardhi hushuka chini ya nyuzi 45 walizokaririshwa.