Nyumba Huokolewa Kabla Dalali Hajafika

Hapa Nakuru mtu akifiwa, kabla jua halijatua kundi la WhatsApp limeshafunguliwa na michango imeanza kuingia. Akilazwa hospitali, ni vivyo hivyo. Lakini akilemewa na mkopo wa nyumba, haambii mtu. Majirani hupata habari tangazo la mnada likishatoka gazetini, na hapo hata mwenye nia njema hubaki na pole tu mdomoni.

Jambo hili linaniuma kwa sababu nyumba haipigwi mnada ghafla. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 imempa mkopaji muda. Akikaa mwezi mzima bila kulipa, benki inaweza kumpa notisi ya kwanza, na notisi hiyo lazima impe miezi 3 ya kulipa. Muda huo ukiisha bila malipo, inakuja notisi ya pili ya siku 40 kwamba nyumba itauzwa. Halafu dalali naye hutoa notisi yake ya siku 45. Ukijumlisha, ni zaidi ya nusu mwaka. Nusu mwaka ni muda wa kutosha kuokoa nyumba, au angalau kuokoa jasho lililomo ndani yake, ila wengi huumaliza wakijificha.

Mama mmoja wa Kiamunyi, mwalimu mstaafu, aliniletea mfuko wa karatasi uliojaa barua za benki. Baadhi hazikuwa zimefunguliwa. Mumewe alikuwa akizichukua posta na kuzitia kwenye droo, akitumaini biashara itachangamka azilipe kimyakimya. Tulikaa mezani tukazifungua moja moja. Notisi ya kwanza ilikuwa ya kurasa mbili, Kiingereza cha mawakili mwanzo hadi mwisho, na haki yake ya kwenda mahakamani kuomba nafuu ilikuwa imefukiwa karibu na sahihi, katika aya ambayo hata mimi niliisoma mara mbili. Mwalimu aliyefundisha watoto wa watu kusoma alikuwa anapoteza nyumba kwa barua asiyoielewa.

Bahati nzuri ile notisi ya siku 40 ilikuwa haijaisha. Walikwenda benki pamoja, mke na mume, wakaomba waachiwe watafute mnunuzi wenyewe. Benki ilikubali. Nyumba iliuzwa kwa bei ya soko, deni likaisha, kilichobaki kikawanunulia kiwanja upande wa Njoro. Waliumia, ndiyo. Lakini mnadani wangeumia zaidi: mshindi hutakiwa kuweka robo ya bei papo hapo na kumalizia kwa kawaida ndani ya siku 90. Wenye fedha za namna hiyo ni wachache, nao huja kutafuta cha bei rahisi. Sheria inaitaka benki itafute bei bora inayoweza kupatikana, na nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba benki imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vinginevyo. Ni kinga nzuri, ila kuidai kortini baada ya kuhamishwa ni safari ndefu.

Kuna mengine ambayo kila mwenye mkopo angepaswa kuyajua. Nyumba mnayoishi kama mume na mke haiwekwi rehani kihalali bila ridhaa ya mwenzio. Na tangu 2007 Sheria ya Benki inaweka kikomo: mkopo ukishakwama, riba inayodaiwa kuanzia hapo haiwezi kupita deni la msingi lililokuwepo siku ulipokwama. Kwa hiyo omba taarifa kamili ya mkopo, upige hesabu na mtu anayejua.

Wanaokimbilia amri ya mahakama ya kusimamisha mnada ilhali hawana mpango wowote wa kulipa, nawasihi wafikirie tena. Amri ni ya muda. Riba inaendelea, na wakili naye anadai.

Ninachotaka kwa benki ni kitu kidogo. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza. Basi notisi ya kwanza ije na ukurasa mmoja wa Kiswahili: unadaiwa kiasi gani, una hadi tarehe gani, unaweza kuomba kupunguziwa marejesho au kuongezewa muda, na ofisa wa kumwona ni huyu, simu yake hii. Na makanisa, misikiti na vyama vyetu, ambavyo tayari vina daftari na mweka hazina, vimteue mtu mmoja anayeweza kusoma barua kama hizo na kumsindikiza mwenzake benki. Mchango wa marejesho ya miezi miwili, ukitolewa mapema, hauzidi ule tunaotoa kwa gari la maiti na turubai.

Kama una bahasha ya benki ambayo hujaifungua, ifungue leo, na mwenzio akiwa amekaa kando yako.