Wasemaji Tunao, Tunaowakosa ni Waungaji Mkono

Kundi la ukoo limeletewa klipu nyingine ya hotuba ya kutia moyo. Kijana nadhifu, kipaza sauti kimebanwa shavuni, anazunguka jukwaani: amka, paza sauti, mabadiliko yanaanza na wewe! Kinanda kinalia taratibu nyuma yake. Mara vidole gumba na mioto vikamiminika. Aliyeituma ni binamu yangu, mtu mzima na ndevu zake, ambaye mwezi uliopita alikaa mkutano mkuu wa kijiji mwanzo hadi mwisho bila kufungua mdomo.

Siku hiyo shangazi aliuliza michango ya vyoo vya shule imeishia wapi. Basi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na hapo ndipo mapato na matumizi yanaposomwa, kwa hiyo hakuna uchochezi wowote. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, hilo njoo ofisini tulizungumze." Shangazi akageuka kuwatazama wale waliokuwa wakilalamika wiki nzima, bombani na kilabuni. Kila mmoja anachunguza ndala zake. Giza lilipoingia ndipo wakaanza kubisha hodi, mmoja mmoja: "Mama, leo umewapa vidonge vyao!"

Asanteni sana, mashujaa wa usiku.

Yupo msemaji mmoja ninayemsikiliza hadi mwisho: Boniface Mwangi wa Kenya, mpiga picha aliyezipiga ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Tarehe 1 Juni 2009, sikukuu ya Madaraka, alisimama uwanja wa Nyayo na kumpigia kelele Rais Kibaki akiwa anahutubia. Walikuwa wamepatana na rafiki zake kwamba watasimama pamoja. Akasimama. Wenzake wakabaki kwenye viti. Alipigwa, akakamatwa, akalala rumande. Mwaka 2014 alikisimulia kisa hicho kwa dakika chache kwenye mkutano wa TED, ule wa hotuba fupi, kule Rio de Janeiro, na dunia ikampigia makofi.

Sasa niambieni, mnaposambaza kisa kile, mnajiona nani? Kila mtu anajiona Mwangi! Hakuna anayejiona yule rafiki aliyeahidi halafu akagundua ghafla kwamba kiti kimemganda. Ilhali hesabu ni nyepesi: Mwangi alikuwa mmoja, marafiki walikuwa wengi. Kwa vyovyote vile wengi wetu tuko upande wa viti.

Hotuba hizi zinamfundisha mtu kuwa wa kwanza. Wa kwanza tunao. Kila kijiji kina shangazi yake, kila ofisi ina yule "mkorofi" wake, kila daladala ina abiria anayeuliza kwa nini nauli imepanda. Anayekosekana ni wa pili. Mtu akiuliza peke yake anaitwa msumbufu na swali lake halifiki hata kwenye muhtasari. Wakisimama watatu, mtendaji anashika kalamu. Lakini nani atamwalika mtu jukwaani asimulie jinsi alivyonyoosha mkono na kusema, "Mwenyekiti, hata mimi nataka jibu la hilo"? Hotuba ya sekunde nne hiyo. Haiuzi tiketi.

Ndiyo, naijua hofu. Nasi wa blogu tulilazimishwa kukata leseni ya kulipia mwaka 2018, nani wa kunisimulia. Ila vyoo vya shule, jamani?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hotuba fupi ziliwahi kuzaa kitu. Juni 2007 hapa kwetu Arusha, William Kamkwamba wa Malawi, kijana aliyeacha shule kwa kukosa ada akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli, alipandishwa jukwaa hilo hilo la TED. Kiingereza chake kilikuwa cha kuunga-unga na maneno yenyewe machache. Ila baadhi ya waliokuwa ukumbini walimsaidia hadi akarudi darasani. Hilo ndilo lililobadilisha maisha yake. Maneno yake pekee yasingemlipia hata daftari.

Binamu anasema klipu "inamwinua mtu moyo". Shangazi moyo wake uko juu tangu zamani, na ameshasema mkutano ujao atauliza tena. Anachotaka ni mtu wa kusimama na kusema "naunga mkono swali" kabla mwenyekiti hajakimbilia mengineyo.