Mguu kwenye breki kwanza, mafuta baadaye

Ile klipu ya dogo aliyepinduka na pikipiki ya Boxer akijaribu kutembea kwa tairi la nyuma tu najua mmeiona, maana imezunguka magrupu yote na kila inapoingia watu wanacheka. Tairi la mbele linapanda vizuri, linazidi kupanda, dogo kang'ang'ania usukani, nyuma ya simu unasikia wenzake "mwaga moto! mwaga moto!" mpaka anadondokea mgongo na pikipiki inaondoka peke yake. Kilichoniuma ni wale walioandika chini yake kwamba hana moyo. Jamani dogo alikuwa na moyo kuliko wote waliosimama pale! Irudieni hiyo klipu, msiangalie tairi, angalieni mguu wake wa kulia. Unaning'inia. Hauko kwenye breki hata sekunde moja.

Mitaani tunafundishana hili jambo kinyume kabisa. Mtu anakwambia vuta resi, achia klachi ghafla, rudisha mwili nyuma, basi umemaliza darasa. Hayo ni maelezo ya kupandisha tu, na kupandisha ndo sehemu rahisi kuliko zote. Tairi la nyuma linasukuma kutokea chini kwenye lami, wakati uzito wako na wa mashine uko juu huko usawa wa tangi, kwahiyo chini kunatangulia, juu kunabaki nyuma, pua inapanda. Ukiendelea kuna mahali unafika uzito wote unakaa juu ya tairi la nyuma, pikipiki inakuwa kama mtoto anayesimama dede, haitaki mafuta mengi tena, inataka kushikiliwa kidogo tu. Ukipapita hapo uzito wenyewe ndo unakuvuta nyuma, na ukiongeza mafuta umejimaliza. Breki ya mbele haina kazi maana tairi liko hewani. Kufunga mafuta kunasaidia, ila ukichelewa hakutoshi. Kilichobaki ni breki ya nyuma, unaigusa, pua inashuka. Narudia, unaigusa, hukanyagi kwa hasira, maana ukikanyaga kwa hasira mbele inajipigiza chini na shida inakuwa nyingine.

Kwahiyo anayejifunza aanze na breki. Gia namba moja, mwendo mdogo, sehemu haina mtu, nyanyua kidogo tu, gusa breki, shusha. Nyanyua, gusa, shusha. Inachosha na haina wa kukurekodi, lakini fanya hivyo mpaka mguu uanze kugusa wenyewe kabla hata hujafikiria, ndo uongeze urefu. Na kabla ya yote kagua hiyo breki, maana pikipiki nyingi za kazini breki ya nyuma imechoka, unakanyaga mpaka chini ndo inashika. Kaza ile nati ya fimbo ya breki kule nyuma, kama lainingi zimeisha badilisha, na kama huna hela ya lainingi basi siku hiyo hunyanyui kitu.

Mtu ataniambia wanaojua hawahitaji breki, wana nguvu za injini. Waangalie hao wa kulipwa wenyewe. Pikipiki zao nyingi wamefunga mkono wa pili wa breki ya nyuma pale kushoto kwenye usukani, ili hata mguu ukitoka bado kidole kipo kwenye breki, na nyuma wanafunga chuma cha kukwaruza chini kabla hawajapinduka. Mjapani Yasuyuki Kudo mwaka 1991 alikwenda kilomita 331 kwa tairi la nyuma bila kushusha, na hakuwa na dude la kutisha, alikuwa na Honda TLM220R, kijipikipiki cha kupandia mawe. Mmarekani Doug Domokos mwaka 1984 alizunguka uwanja wa Talladega maili 145, ambazo zinapita kilomita 230, na kilichomshusha ni mafuta kuisha.

Na utamu upo, nisidanganye mtu. Mbele ikishanyanyuka ile mitetemo yote ya barabara kwenye mikono inakata, mbele yako unaona taa na anga tu, unaanza kuisikia mashine kwa makalio na nyayo, mwili mzima unasikiliza. Ambaye hajawahi kufika hapo hawezi kuelewa kwanini vijana wanarudia hata baada ya kuchunika magoti, na kuwaita wahuni hakutawatoa huko.

Kushusha nako kuna adabu yake: usukani unyooke kabla tairi halijagusa, na mafuta kidogo yabaki ili litue taratibu. Ukilibwaga unaua shokapu na beringi za usukani, na wengi wetu pikipiki ni za mkataba, jioni mwenye chombo anataka hesabu yake.

Barabarani kwenye watu, hapana, hapo polisi wako sahihi na sina hoja, na ukiwa na abiria ndo kabisa, maana uzito wake uko nyuma, ile sehemu ya dede mnaipita kabla hujajua. Ila kukamata peke yake? Ufaransa walitunga sheria mwaka 2018, kifungo mwaka mmoja na faini euro 15,000 kwa wanaofanya haya barabarani, sawa, ila kijana anayetaka kujifunza bado anauliza aende wapi. Afrika Kusini kule mchezo wa kuzungusha magari ya BMW papo hapo ulianzia mitaani, na mwaka 2014 chama chao cha michezo ya magari kikautambua kama mchezo, una viwanja na watu wanakata tiketi.

Dar hii kuna maeneo ya lami yanalala matupu kila Jumapili. Mwenye eneo lenye geti aniandikie, helmeti na kinga za magoti nitatafuta mimi, na yule dogo wa kwenye klipu kama kuna anayemjua amwambie namtafuta, awe wa kwanza.