Mkoba Unapohamishwa Bega

Jioni moja karibu na soko la Muthurwa, Nairobi, kijana mwenye gunia la chupa za plastiki alipita nyuma ya mama aliyekuwa akingoja matatu. Mama alipomwona tu, alihamisha mkoba akaukumbatia kifuani. Kijana akainua mkono wake mtupu, vidole wazi. "Napita tu, mathe." Hakukasirika. Kilichoniuma ni jinsi mkono ule ulivyoinuka wenyewe, kwa mazoea.

Sisemi mama alikosea. Wapo walioporwa simu na vijana wa mitaani, wapo waliotishiwa kupakwa kinyesi wasipotoa pesa. Mwenye duka anayekuta uchafu mlangoni kila asubuhi ana haki ya kulalamika.

Lakini tuitazame hesabu. Sensa ya familia za mitaani ya 2018 ilipata watu 46,639 Kenya nzima, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Mwaka uliofuata, jiji lilihesabiwa kuwa na wakazi 4,397,073. Hawafiki wanne katika kila watu elfu! Na humo wamo wachanga waliobebwa mgongoni, wamo mama zao, wamo wazee. Ukiwatoa hao, wa kuogopwa wanabaki wangapi? Simu ngapi huporwa na watu waliopanda pikipiki, nasi hatujawahi kuwachukia wana bodaboda wote kwa sababu hiyo.

Tunawaita chokoraa, kwa kuwa huchokora jaa. Neno lilitaja njaa, sasa linataja tabia. Hata gamu, gundi wanayoinusa, tunaihesabu uhuni mtupu, ilhali anayelala juu ya saruji kwenye baridi ya Julai atakwambia inamsahaulisha tumbo. Inamwua, ndiyo, naye anajua.

Tukishazoea kumwona mtu kama taka, kumtupa hakutushtui. Februari 2019, watoto wa mitaani wa Nakuru walipakiwa kwenye lori usiku, wakaachwa Baringo, karibu na msitu wa Chemususu. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika huko Arusha ilisema sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Kanjo, askari wa jiji, hawajaacha kuwafukuza.

Tena wengi wao hawana kitambulisho. Bila hicho huwezi kusajili laini, hufungui M-Pesa, kwa hiyo pesa ya chupa hukaa mfukoni. Usiku ukiingia, yule kijana wa Muthurwa hulala ameikunjia ngumi, akiwaogopa wezi.