Kamera Haizuii Tingatinga

Filamu nyingi za hali halisi kuhusu Wapalestina zina mtindo mmoja: vifusi, mama analia, muziki wa huzuni, mwisho. Sizibezi, ila nikimaliza kuzitazama nabaki na huruma tupu, bila kuelewa nani alisaini nini. "No Other Land" ya mwaka 2024 ilinishika kwa sababu yenyewe inafuata makaratasi.

Masafer Yatta ni vijiji vya wafugaji kusini mwa Hebron, Ukingo wa Magharibi, eneo la Wapalestina lililo chini ya jeshi la Israel. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi la Israel lilitangaza eneo hilo kuwa uwanja wa mazoezi ya kijeshi, na Mei 2022 Mahakama ya Juu ya Israel ikafungua njia wakazi waondolewe. Kibali cha ujenzi wanatakiwa kukiomba kwa utawala wa jeshi hilohilo, na karibu hakitoki kamwe. Basi nyumba ni haramu, banda la kondoo ni haramu, shule nayo haramu. Tingatinga likija, mbele yake kuna ofisa na amri ya kubomoa mkononi, kila kitu kihalali kabisa. Kuna mahali wanamwaga zege kisimani. Kisima! Hapo msimulizi hana haja ya kufungua mdomo. Mfugaji asiye na maji utamfukuza mara ngapi?

Walioiongoza filamu ni wanne, Wapalestina wawili na Waisraeli wawili. Yuval Abraham, Mwisraeli, ana gari la namba za njano za Israel, anaingia na kutoka atakavyo. Basel Adra, Mpalestina mwenyeji wa pale, hana ruhusa hiyo. Wapo wanaodai filamu ni ya upande mmoja, na wapo wanaharakati wa kuisusia Israel walioona ushirikiano wenyewe unapamba ukaliaji. Hawa wa pili nawaelewa zaidi, lakini sikubaliani nao. Filamu haifichi kwamba usiku ukiingia mmoja anarudi nyumbani na mwingine anabaki anangoja tingatinga la kesho.

Ninachokipinga ni ile imani kwamba ukirekodi, umelindwa. Emad Burnat wa kijiji cha Bil'in alianza kurekodi mwaka 2005 maandamano ya kupinga ukuta wa Israel uliokata mashamba yao ya mizeituni. Kamera zake zilivunjwa moja baada ya nyingine, na filamu aliyoipata, "5 Broken Cameras", ikafika hadi kuwania Oscar. Kupona alipona, ila kwa bahati: kamera mojawapo ndiyo iliyopokea risasi badala yake.

Hamdan Ballal, Mpalestina wa pili kati ya wale waongozaji wanne, naye alipokea Oscar tarehe 2 Machi 2025 kwa "No Other Land". Tarehe 24 mwezi huohuo walowezi wa Kiisraeli walimpiga kijijini kwake Susya, na jeshi likamshikilia yeye hadi kesho yake. Julai, Awdah Hathaleen, aliyesaidia filamu hiyo, aliuawa kwa risasi huko Umm al-Khair.

Akademi inayotoa Oscar iliandika barua ya kupinga wasanii kudhuriwa bila kumtaja Ballal wala filamu yake. Wanachama zaidi ya 600 wakaja juu, ndipo ikaandika nyingine ya kuomba radhi, safari hii kwa jina. Na jina walikuwa nalo, maana tuzo walimpa wao wenyewe wiki tatu tu kabla.