Tuache Kuisingizia Betri Kila Gari la Rimoti Linapozimika

Gari la rimoti linapoanza kwenda kwa kusitasita, usukani ukatetemeka na hatimaye likazimika katikati ya uwanja, hapa kwetu Unguja hukumu hutolewa papo hapo kwamba betri imekufa. Mzazi huombwa pesa, betri mpya huagizwa Dar es Salaam au ng'ambo, hufungwa kwa furaha, na mara nyingi maradhi yale yale hurudi kabla ya mwezi kwisha. Kwa maoni yangu, hakuna kifaa kinachosingiziwa katika magari haya kuliko betri, na sisi wakaazi wa visiwani tunapaswa kuanza kutazama kwengine, yaani kwenye plagi, lehemu na waya.

Sababu iko katika hewa tunayoivuta. Chumvi ya bahari hutua juu ya kila kitu, huvuta unyevu, na unyevu huo huila shaba polepole hata kama gari limewekwa kabatini. Wanaochezea magari yao kwenye mchanga wa Paje au Nungwi huongeza madhara hayo kwa mikono yao wenyewe. Chomoa plagi ya betri ya gari la namna hiyo uitazame kwenye mwanga wa jua: pini zilizokuwa zikimetameta zimefubaa, pembeni pana unga wa kijani, na pengine plastiki inayoizunguka pini moja imegeuka rangi ya kahawia. Rangi hiyo ni ushahidi mkubwa, kwa kuwa inaonyesha kwamba joto lilizaliwa pale pale, penye kiungo kibovu. Ukiambua ganda la waya ukakuta nyuzi zake zimekuwa nyeusi, usijisumbue kuzitia lehemu, kwani haitashika. Kata waya kidogo kidogo mpaka ufike penye shaba inayong'aa.

Wapo wanaodhani kwamba kutu ndogo kama hiyo haiwezi kuliangusha gari zima. Hesabu yake ni nyepesi. Mota inapovuta ampea 20 kupitia kiungo chenye ukinzani wa omu 0.05, volti 1 nzima hupotea hapo, na wati 20 hugeuka kuwa joto ndani ya pini isiyozidi unene wa kijiti cha kibiriti. Katika betri ya volti 7.2, hasara hiyo si ndogo. Tena mota haiumii peke yake, kwa sababu kipokezi cha mawimbi ya rimoti na mota ndogo ya usukani kwa kawaida hupata umeme wao, wa volti 5 au 6, kupitia kidhibiti mwendo kile kile kinachoiendesha mota kubwa. Umeme unaoingia ukishuka mno, kipokezi huzimika kwa kitambo kifupi kisha huwaka tena, na mwenye gari huamini kwamba rimoti ndiyo mbovu.

Kosa ninaloliona likirudiwa hata na mafundi wazuri ni kuipima betri ikiwa imepumzika. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti zote inapokuwa mezani haina kazi, ikaporomoka mara tu mota inapoanza kuvuta. Kipimo chenye maana ni kile kinachochukuliwa gari likiwa kazini: liache magurudumu yake yaguse sakafu, mwenzako alizuie kidogo kwa mkono, kitufe cha mwendo kwenye rimoti kibanwe nusu kwa sekunde mbili tatu tu ili mota isiungue, nawe usome mita ya volti kwenye ncha za betri kisha pale umeme unapoingia kwenye kidhibiti mwendo. Volti zikishuka sana kwenye betri yenyewe, betri ina kesi ya kujibu. Zikiwa nzuri kwenye betri lakini pungufu kwenye kidhibiti, mwizi yuko njiani, na dawa yake ni plagi mpya na lehemu safi, vitu ambavyo bei yake haikaribii hata kidogo bei ya betri.

Vipimo vyote viwili vikiwa vizuri, chomoa waya wa mota ya usukani ujaribu tena, maana ikikwama huvuta umeme mwingi kupita kiasi. Zungusha magurudumu kwa mkono pia, kwa sababu nyuzi na nywele zilizojisokota kwenye ekseli, au meno ya gia yaliyobanana mno, huilazimisha mota kula umeme isiostahili. Halafu tazama mpangilio wa kidhibiti chenyewe: kikiwa kimepangiwa betri ya lithiamu na kumbe gari limefungwa ya nikeli, kinaweza kukata nguvu mapema ilhali chaji bado ipo. Mpangilio ukiwa kinyume chake, hatari ni kubwa zaidi, kwani betri ya lithiamu itaachwa inyonywe kupita mpaka wake.

Hapo ndipo siko tayari kuitetea betri. Kila seli, yaani chumba kimoja cha ndani ya betri ya lithiamu polima, ikijaa huwa na volti 4.2, na ikishushwa chini ya volti 3 huharibika kwa ndani. Wapo wanaoifufua kwa chaja isiyoihusu, na hilo napinga kwa nguvu zangu zote. Betri iliyovimba haipaswi kuchajiwa tena hata mara moja, wala kutobolewa, wala kuuzwa kwa bei ya kutupa kwa mtoto wa jirani, kwa sababu inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba. Hata ile nzima ichajiwe mchana, juu ya sakafu ya saruji, mbali na mapazia na magodoro, na mtu mzima awepo hapo hapo mpaka chaja itakapomaliza.